Mwalimu Aliyeupima Moto Wangu

Hapa Tunduma ukitaja kuchomelea tela, lazima utaje na jina langu. Sijisifu, nasema kilichopo. Nilianza na mashine ya kuazima chini ya turubai, na sasa nina uwanja ambamo malori yanageuza bila kugusana. Vijana niliowafundisha kwa mkono wangu wamefungua gereji zao mpaka Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Shule niliishia darasa la nne. Madereva wa Zambia wakifika huniamkia kwa heshima, "Shani mukwai, ba fundi," kabla hawajaniambia kilichovunjika.

Wamepita uwanjani kwangu matajiri, wamepita maofisa wenye mihuri. Aliyewahi kuniuliza swali nikakosa la kujibu ni mmoja tu. Alisimama mbele ya mashine, mikono nyuma kama anayekagua mstari wa wanafunzi, akasema:

"Fundi, huo moto wako una joto kiasi gani?"

Nikamwambia ni mkali, unayeyusha chuma.

"Hilo naliona. Kiasi gani?"

Nikamwambia aingize kidole, atapata jibu. Vijana wakacheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. Yeye hakucheka wala hakuchukia. Alisubiri kicheko kiishe, kisha akauliza tena, kwa sauti ileile.

Huyo ndiye Mwalimu. Alifundisha fizikia katika sekondari moja ya njia ya Nanyala, enzi hizo bado tuko Mkoa wa Mbeya na Songwe ni jina la mto tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake lilikuwa na vumbi la chaki hata wakati wa likizo. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa kabla sijamfahamu. Chokaa ya maabara ilimrukia, akabaki na la kulia. Hilo la kulia ndilo nitakalolizungumzia, maana ndilo lililotugombanisha wote.

Hiyo "kiasi gani" aliitupia kila kitu. Ukimwambia barabara ya Isongole ni mbovu, anauliza mbovu kiasi gani. Chai ya moto, kiasi gani. Kijana wangu mmoja alimwambia kwamba anampenda mchumba wake kupita maelezo, Mwalimu akamtazama kwa lile jicho moja mpaka kijana akaona haya. Madereva walimpa jina hilohilo. Akishuka kwenye basi, unasikia kutoka kwenye foleni ya malori: "Kiasi Gani huyo, ficheni vidole!"

Chanzo cha yote kilikuwa swali la mwanafunzi. Miaka mingi aliwafundisha kwamba moto wa umeme, ule unaoruka kati ya vyuma viwili, una joto la digrii kama elfu sita. Kitabu kilisema hivyo, naye akasema hivyo. Siku moja binti wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani alipima, na kipimajoto chake hakikuyeyuka?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akasimama na chaki mkononi, na mpaka kengele inagonga hakuwa amesema kitu. Aliniambia aibu ile ilimkaa kifuani kama kikohozi. Wenzake walimwambia aachane nayo, mtihani hauulizi mambo hayo. Hakuachana nayo. Alitafuta njia ya kupima bila kugusa, akaipata kwenye vitabu, halafu akatafuta moto. Moto ulikuwa kwangu.

Nieleze jinsi alivyopima, maana nimewaeleza watu wenye digrii zao wakabaki wananitazama. Alikuja na boksi la viatu lililopakwa rangi nyeusi ndani. Upande mmoja alibandika nyembe mbili zikakaribiana mpaka ukabaki ufa mwembamba kama uzi. Ndani aliweka kipande cha sidii, ile ya muziki, na lenzi aliyoitoa kwenye kamera mbovu. Mwanga ukiingia kwenye ufa unapiga sidii, sidii inautawanya, na kwenye karatasi laini upande wa pili zinatokea rangi. Mwanga wa jua ulitoa upinde mzima. Moto wa umeme kati ya vijiti viwili vya shaba ulitoa mistari. Mistari tu, iliyosimama wima, na giza katikati.

Katika hiyo mistari kulikuwa na miwili ya kijani aliyoipenda kama watoto wake. "Huu hapa ni mwepesi kuamka," alinieleza. "Joto kidogo tu, umewaka. Huu wa pili ni mvivu, hauamki mpaka joto liwe kubwa kweli. Ukiona mvivu anaanza kumkaribia mwenzake kwa mwanga, ujue ndani kuna joto kali. Ukijua amemkaribia kiasi gani, umepata digrii." Moto wenyewe aliuita plazima. Alisema si moto kama wa kuni, ni hewa na mvuke wa shaba vilivyopasuliwa na umeme.

Kulinganisha mwanga wa mistari hiyo alitumia vipande vya kioo cha dirisha alivyovifukizia moshi wa kibatari, kimoja hafifu, kingine kizito zaidi, mpaka cheusi kabisa. Kila kimoja alikitia alama pembeni kwa tupa. Alivipima kimoja kimoja nyumbani kwa mishumaa miwili na rula ili ajue kila kioo kinakula mwanga kwa kiwango gani. Kisha anatelezesha kioo mbele ya ule mstari mwepesi, anaufifisha, anabadilisha kioo, mpaka yote miwili ionekane sawa. Kioo kilichosawazisha ndicho chenye jibu.

Kwa hiyo kipimajoto chenyewe kilikuwa jicho lake. Lile moja.

Ili aone vizuri mchana, alijifunika blanketi yeye na boksi lake. Hebu fikiria: mwalimu mzima amekaa kwenye kreti ya soda katikati ya gereji, blanketi kichwani, madereva wanapita. "Jamani, Mwalimu anajifukiza! Mchemshieni majani ya mkaratusi!" Kutoka ndani ya blanketi sauti inajibu, "Pita kimya, unanitikisia meza."

Alikuwa mtu wa ajabu kwa mengi. Uwongo mdogo tu ulimuuma. Nilipomwambia mteja "njoo kesho" huku najua ni wiki ijayo, alininunia mchana kutwa. Lakini vijiti vya shaba vya kazi yake alivileta kutoka Nakonde chini ya gunia la vitunguu, na alipogongana macho na mlinzi wa mpakani alimsalimia, akamuulizia na familia. Darasani aliwapiga marufuku wanafunzi kutazama jua. Kwangu, kila moto ulipohama kutoka mbele ya ule ufa, alitoa kichwa kwenye blanketi na kuutazama wazi, bila kioo cheusi, ili aupeleke mahali pake. Nilimfokea. "Mwalimu, utaamka na mchanga machoni!" Akanijibu, "Sitazami moto, naangalia ulipo." Kesho yake anakuja na jicho jekundu, amebandika kipande cha kiazi mbichi, dawa ileile tunayotumia sisi mafundi, na bado anataka kuanza.

Majibu yake ya kwanza yalikuwa ya chini. Elfu nne na kitu. Anahesabu, anatikisa kichwa, anarudia. Aliona pia mstari wa njano mkubwa, unang'aa kuliko wote, na shaba haina mstari huo. Alidhani ni jasho la mikono. Akaniagiza ninawe kwa sabuni, nikanawa. Mstari ukabaki palepale, na joto likabaki palepale. Alirudi Jumamosi baada ya Jumamosi, msimu mzima wa kahawa na baada yake, na kila Jumamosi jicho lile lilitazama.

Wakati huo umeme wetu ulitoka Zambia, na jioni watu wakianza kupika unakuwa dhaifu mpaka taa inakuwa kama kaa la sigara. Kuwasha shaba kwa shaba kwa umeme wa namna hiyo ni kazi. Moto unashika, unakatika, unashika, unakatika. Fundi yeyote wa hapa anajua dawa yake. Mimi nilikuwa na kopo langu chini ya mashine.

Siku moja Mwalimu alitoa kichwa kwenye blanketi mapema kuliko kawaida, akanikuta nachovya kijiti.

"Unafanya nini?"

"Nachovya."

"Kwenye nini?"

"Maji ya chumvi. Moto unashika haraka na unatulia. Kila mtu anajua."

Akaweka kioo cha moshi mezani, polepole. "Tangu lini unachovya?"

"Tangu siku ya kwanza, Mwalimu. Ulitaka moto uliotulia, nikakupa moto uliotulia."

Aliyekuwa anapiga bati aliacha. Mwalimu alilichukua lile kopo, akanusa, akaweka kidole, akaonja. Baadaye alinieleza kwamba chumvi inapasuka kwa urahisi kuliko shaba. Umeme unapata njia rahisi ya kupita, na moto unakaa pale ukiwa umepoa. Ule mstari wa njano ulikuwa chumvi, inamwambia kila Jumamosi kwamba ipo. Lakini wakati ule hakueleza kitu. Alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo sijaipenda mpaka leo, "Nimetazama chumvi."

"Ungeuliza," nikamwambia, maana na mimi nilishapandwa na hasira. "Umeniuliza joto, hukuniuliza chumvi!"

"Ni kweli," akasema. "Sikuuliza." Akakunja blanketi, akabeba boksi, akaenda kusimama barabarani kungoja basi, mgongo umenyooka.

Wiki iliyofuata hakuja yeye. Alikuja mke wake kutoka Ruanda, ile ya hukuhuku Mbozi, walikojenga na walikokuwa na shamba la kahawa. Mama wa maneno machache. Alikataa kiti, alikataa soda.

"Shemeji, nimekuja na ombi moja. Usimwashie tena."

"Kuna nini, shemeji?"

"Daktari wa macho Mbeya amesema ni presha ya macho. Hilo jicho linafungwa pembeni, kama mlango unaorudishwa. Dawa inauzuia kidogo tu. Akaambiwa akae mbali na mwanga mkali. Unajua alimjibu nini daktari?"

Nilijua. "Mkali kiasi gani."

Hakucheka. "Sasa anasema aliyoyapima yote ni ya chumvi, lazima aanze upya. Akianza upya litazima. Mimi sitaki namba, shemeji. Nataka mtu anayeona mlango wa nyumba yake."

Nikampa neno langu. Na neno langu hapa mjini, ulizia utaambiwa.

Mwalimu alikuja Jumamosi. Nikamwambia siwashi. Akauliza nani amenikataza, kisha akaelewa mwenyewe. Alikaa kwenye kreti yake, boksi magotini. Kisha akasema mafundi wapo wengi Tunduma, na wengine hawana shemeji. Ilikuwa kweli. Niliwajua wale wengine: wangemwashia moto mbele ya pua, wampe na chumvi juu yake, wacheke akipapasa. Nikamshika mkono wa koti.

"Mwalimu, unataka namba au unataka kutazama?"

"Nataka namba."

"Namba lazima uione kwa jicho lako?"

 Nafikiri katika Jumamosi zote hizo lilikuwa swali la kwanza nililomwuliza likamsimamisha. "Jicho la nani, basi?" akasema. "La nani ambaye hatanipa jibu la kunifurahisha?"

Alinitazama mimi, na nilijua anafikiria nini. Anamfikiria mtu wa "njoo kesho".

Aliondoka na boksi lake, na sikusikia amekwenda kwa fundi mwingine. Miaka ikapita hapo. Nilisikia amestaafu. Nikasikia anatembea na fimbo, anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mimi nilikuwa nimenunua mashine ya dizeli, ya moto wa mkondo mmoja, umeme unaokwenda upande mmoja tu, ambayo haitegemei umeme wa Zambia wala wa mtu yeyote. Wa kwanza Tunduma nzima, na waliokuja kunifuata walikuja kuuliza kwangu. Moto wake unasimama wenyewe, hauhitaji chumvi. Nilipouona umesimama kwenye shaba, nikapakia mashine kwenye lori langu, nikapanda Ruanda.

Shemeji alitoka na unga mikononi. Aliona mashine, uso ukabadilika.

"Ulinipa neno."

"Nimelileta, shemeji. Yeye atakaa ameupa moto mgongo, atazame ukuta. Nitatazama mimi. Ukimwona anageuka, zima. Mwenye kuzima ni wewe."

 Akapangusa unga kwenye kitenge na kuuliza moto unazimwaje.

Tuliingia kwenye stoo yao ya kahawa, tukaziba madirisha kwa magunia. Vijiti vya shaba nilivifunga kwenye kibao chenye skrubu: ukizungusha huku vinakaribiana, ukizungusha kule vinaachana na moto unakufa. Shemeji akashika skrubu, kava la kuchomelea usoni. Mwalimu aliketi ameelekea ukuta, vioo vyake vya moshi kwenye mapaja, anavipapasa alama za tupa kwa kidole gumba. Mimi, blanketi kichwani, boksi mbele yangu. Moto ukashika, ukatoa ule mlio wake kama kitambaa kinachochanwa.

"Wa njano upo?" akauliza.

"Hakuna. Kijani tu."

Alivuta pumzi. Akanipa kioo bila kusema ni kipi. Nikakiweka. "Mwepesi bado anazidi." Akanipa kingine. "Bado." Kingine. Nikatulia, nikatazama mpaka jicho likatoa machozi. "Hapo. Sawasawa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Rudisha vyote."

Akavichanganya mapajani kama karata, tukaanza upya. Mara ya pili nikapata kimoja, sikujua kama ni kilekile. Uso sikuuona, mgongo tu, na mgongo haukusema kitu. Mara ya tatu alinipa vioo viwili nikavikataa, akanipa cha tatu, akasema, "Hiki ndicho, sivyo?"

Sauti yake ilikuwa na njaa. Ningesema ndiyo. Mimi nimewaambia watu ndiyo maisha yangu yote, ndiyo kesho, ndiyo imekaa, na mambo yakaenda. Nikatazama. Mvivu alikuwa amemzidi mwenzake, si sana, lakini amemzidi. Shaba ilikuwa inadondoka, vijiti vinafupika, na shemeji anapiga kelele kwamba skrubu inamchoma.

"Hapana," nikasema. "Si hiki. Hiki kizito mno."

 Akanipa kingine, na macho yakakubali mara moja. Akanyoosha mkono nyuma, nikamrudishia, akapitisha kidole gumba kwenye alama. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Kilekile," akasema. "Mara zote tatu."

Akahesabu kichwani, midomo inacheza. "Elfu tano na mia nane. Inaweza kuzidi mia nne, au kupungua mia nne."

"Mwalimu! Baada ya yote haya bado hujui?"

"Sasa ndiyo najua. Na najua mpaka wapi sijui." Akacheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi. "Binti yule ana watoto sasa. Nitampelekea."

Nikamwambia shemeji azime. Mashine ilikuwa inanguruma nje, moto unachanika, na Mwalimu ametulia pale, uso ukutani, ambako mwanga wa kijani ulicheza. Alikuwa anautazama ule ukuta, na kilichobaki cha jicho lake sijui kilikuwa kinaona nini. Hakugeuka. Nilimwona anaikaza mikono kwenye magoti asigeuke.

Shemeji hakuzima. Alinisukumia skrubu, akaniambia nishike. Akavua kava, akajiingiza chini ya blanketi, mama yule aliyeuchukia moto huo kuliko mtu yeyote Mbozi nzima. 

"Mama?" Mwalimu akasema. "Unafanya nini?"

"Natazama mistari yako."

"Unaona nini?"

"Ipo kijani. Mingine ya bluu huku mwisho, inatetemeka. Huu mmoja umesimama kama ufito."

"Kushoto kwake kuna mwingine?"

"Kuna mwingine. Mwembamba. Subiri." Blanketi likasogea. "Subiri, usiniharakishe, nitakwambia wote."

Vijiti vilikuwa vimebaki vifupi na joto linaingia mpaka kwenye glovu. Nikaendelea kuzungusha, kidogo kidogo, nikivifuata.